Krismasi Njema, na Mpitie Mlikolelewa

Ndugu, jamaa na marafiki, nawatakia Krismasi njema nyote mlioko Nakuru, Kisumu, Vihiga, Kakamega, na ninyi mlio barabarani mnaposoma haya. Poleni na nauli. Kila Desemba hupanda, na kila Desemba stendi hujaa tangu alfajiri, watu na mizigo yao, watoto wamelala mabegani.

Msimu huu swali ni moja: "Unaenda nyumbani lini?" Na nyumbani panapoulizwa ni kwa mababu, penye shamba na makaburi ya wazee. Kwetu ni Maragoli, kaunti ya Vihiga, na sijaona mahali ninapokula kwa raha kupita pale. Kuku wa kienyeji huchemshwa polepole juu ya kuni, ugali wa wimbi unasongwa, mboga ya mrenda inalainishwa kwa maji ya majivu, na firigisi hutengewa baba bila mtu kuuliza. Kesho yake, 26 Desemba, watu humiminika Mbale kwa tamasha la utamaduni wa Wamaragoli, na hapo utakutana na binamu ambao hukuwa na habari nao.

Lakini mwaka huu nawaomba jambo moja zaidi. Pitieni pia kwenye miji mliyolelewa mkiwa wapangaji.

Reli ilifika ziwani, Kisumu, Desemba 1901, na tangu hapo watu wa magharibi mwa Kenya wamekuwa wakiifuata kutafuta kazi. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana wengi wetu tulijifunza kutembea kwenye nyua za watu wengine, mbali na shamba la babu. Huko hatuna hata kipande cha ardhi cha kupanda sukuma wiki. Tuna watu tu, na watu hao tunawapita kwenye matatu bila hata kushuka kuwajulia hali.

Nakuru tuliishi kwenye ploti ya vyumba vilivyotazamana, bomba la maji likiwa katikati. Siku hizo chapati haikuwa chakula cha kila wiki. Ilikuwa ya Krismasi. Usiku wa kuamkia sikukuu kina mama walitoa majiko nje, mmoja akakanda, mwingine akasukuma, mwingine akageuza kwenye kikaango, nasi watoto tukizungukazunguka tukisubiri ile ya kwanza iliyoungua kidogo. Asubuhi sahani zilianza safari mlango hadi mlango. Mkikuyu alileta mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga, Mkalenjin akaleta mursik, maziwa yao ya mgando, sisi tukapeleka kuku, na sahani haikurudi tupu. Hadi leo naona ule ndio ulikuwa ushirika wetu wa kweli, kuliko hata ibada tuliyokwenda baadaye tukiwa na nguo mpya.

Krismasi ya 2007 tulikula hivyo hivyo. Mwezi uliofuata, Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimeitawanya ploti. Aliyetufungia chumbani mwake hadi tulipopata lori la kutupeleka magharibi alikuwa mama yule yule wa mukimo. Yeye alibaki, wengine hawakurudi tena. Kwa hiyo nikisema pitieni, simaanishi matembezi ya kupiga picha. Kuna watu tunaopaswa kuketi nao na kuwaambia asante tukiwa bado tunawaona.

Mji wenyewe umebadilika. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021. Ziwa Nakuru limepanuka likameza nyumba na mashamba ya watu kandokando yake, na heroe wengi wamehamia Bogoria. Mama wa mukimo amezeeka, lakini bado hakubali mgeni aondoke kwake kabla ya kula.

Ukitoka Nakuru, barabara hupanda hadi baridi ya Mau Summit, ikapita kwenye majani chai ya Kericho, kisha ikateremka Ahero penye joto na mashamba ya mpunga. Kisumu shukeni. Nendeni Dunga, ufukweni mwa ziwa, mkale samaki ngege wa kukaangwa kisha akachemshwa na nyanya na vitunguu, kwa ugali na mboga chungu kidogo, mle kwa mkono na msikimbilie vijiko. Mwiteni mwalimu wenu wa zamani, au fundi aliyewashonea sare, aketi nanyi. Mlipieni.

Na msiende mikono mitupu. Sukari, majani ya chai na mkate vinatosha. Wazee hufurahi zaidi kumwona mtoto wako na kumuuliza anaitwa nani.

Kwa waliofiwa mwaka huu, ambao mezani pana kiti kitupu, tunawakumbuka kwa majina tunapoomba. Kwa walio kazini sikukuu nzima, wauguzi, askari, madereva, Mungu awalinde.

Sisi tuko Maragoli hadi baada ya Mwaka Mpya. Atakayepitia Chavakali atupigie simu jioni ya siku iliyotangulia, ili kuku akamatwe mapema akiwa bado kwenye kibanda.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka.