Usikate hiyo tiketi kwanza

Assalamu alaykum shoga yangu,

Habari za Muscat, watoto hawajambo? Sisi huku Amu wazima alhamdulillah, joto tu. Meseji yako ya sauti nimeipata, nliisikiliza nkiwa napaa samaki, na nimefurahi sana mnakuja Maulidi inshaallah na mnamleta na mama mkwe. Ila pale uliposema umeona tiketi bei ya kutupa na unataka ulipe wiki hii, nkaweka kisu chini. Mimi ndo kwanza nimerudi Ujerumani kwa kakangu, nlikwenda na mamangu, na hadi leo usiku anasugua magoti mafuta ya karafuu.

Hiyo bei unayoiona si ya safari shoga, ni ya kiti kitupu. Begi lina bei yake, kuchagua kiti ili uketi na mtu wako kuna bei yake, kampuni zingine hata maji ya kunywa unanunua. Ukija kujumlisha mwisho ushaipita ile kampuni ulioikimbia mwanzo ukasema ghali. Sisi kwa sababu hatukulipia viti, mamangu akatupwa nyuma kabisa katikati ya wanaume wawili, mama wa watu na buibui lake, mimi niko mbele huko. Nkamwendea mhudumu, ati niongee na abiria mwenyewe. Alhamdulillah kijana mmoja wa Kisomali akainuka hata sijamaliza kusema, Mungu amuweke.

Na hapo ushapita kaunta. Begi la mama limejaa kama unavyomjua, ng'onda za kakangu, visheti, khanga za wifi, mzani ukasoma kilo mbili zaidi. Yule dada hakutuangalia hata usoni, macho kwa mzani, akataja hela ambayo hapa Amu unapikia watu pilau. Mamangu hakubishana. Akachutama pale pale mbele ya foleni, akafungua zipu, akatoa khanga moja akajitanda, akatoa ya pili akajitanda juu yake, ya tatu akanipa mimi, ya nne akajifunga kiunoni juu ya buibui, halafu akalirudisha begi kwa mzani akasema haya pima. Likapita! Sasa niambie, ndege imepungua uzito gani hapo? Khanga si zile zile zimepanda na sisi?

Achari ya embe nayo ikabaki kwa wakaguzi, maana aliitia kwenye mkoba wa mkononi. Lile la maji maji mwisho mililita 100 ni la tangu 2006, waliposhikwa watu London waliotaka kulipua ndege kwa vimiminika. Hilo mimi silaumu, usalama ni usalama, nalotaja ni ili usije ukalia na chupa zako za mafuta mazuri.

Marehemu mjomba alikuwa akitusimulia East African Airways, ile iliokuwa yetu na Uganda na Tanzania, ikafa 1977. Walikuwa na zile ndege kubwa za VC10 za kwenda London, chakula unaletewa kwa sahani ya udongo na kisu cha chuma, na mtu anavaa suti kama anaenda kuoa. Tukimsikiliza tunaona kama walipanda pepo. Lakini tuseme kweli, hapa Amu wangapi walipanda? Wengi walikuwa wakienda hata Mombasa kwa jahazi. Kule Marekani nauli zilikuwa zinapangwa na serikali, hakuna kampuni ya kushusha bei, kwa hivyo walishindana kwa chakula na ukarimu. 1978 rais Carter akasaini sheria ya kuwaachia wapange wenyewe, na hapo ndo vita vya bei vikaanza na nchi zingine zikafuata. Nauli zimeshuka kweli ukilinganisha na pesa za wakati ule, la sivyo mimi na mamangu tungemuona kakangu kwa simu tu. Lakini walichokipunguza kwa nauli wanakitafuta kwengine. 2008 mafuta yalipopanda, American Airlines wakaanza kutoza dola 15 begi la kwanza, mafuta yakashuka mwaka ule ule, tozo haikuondoka. Zamani toka kiti hadi kiti ilikuwa kama inchi 35, siku hizi 30 au 31, kuna zingine mpaka 28. Mkubwa wa Ryanair, ile kampuni ya ndege za bei rahisi ya Ireland, O'Leary, 2009 alitoka hadharani kusema anafikiria watu walipie choo! Hakufanya, lakini nani alishangaa?

Na sisi tumo. Tukifungua simu tunapanga kuanzia bei ya chini, tunabonyeza ya kwanza, sasa kampuni ikiweka kiti kizuri na chakula ndani ya bei inashuka chini ya orodha haionekani na mtu.

Kilichonikera zaidi lakini si kiti, ni kuchelewa. Kurudi kwetu ndege ilichelewa zaidi ya masaa sita na hakuna mtu wa kutuambia kitu, kibao kinabadilisha saa tu, watu wazima wameketi chini sakafuni, mamangu kaswali juu ya koti langu. Tukafika Nairobi ndege ya Manda, kwenye uwanja wetu wa Amu, ishaondoka, tukalala huko kwa gharama zetu. Kakangu akasema Ulaya wana sheria ya 2004, ndege ikiondoka kwao ikachelewa hivyo bila sababu ya maana kama dhoruba, safari ya mbali kama ile ni yuro 600 kila mtu, kampuni yoyote ile. Ashatujazia fomu, bado hatujajibiwa. Kampuni yenyewe hata haikutaja habari hiyo, unaona.

Ile ndogo ya kuja Manda haina mambo mengi, tena unaona visiwa mpaka raha, ila uliza kilo kabla, zingine mwisho 15, na begi liwe la kitambaa.

Kwa hivyo shoga, kwa mama mkwe na miguu yake, tafuta tiketi ambayo begi na kiti vimo ndani, jumlisha mpaka ukurasa wa mwisho ndo ulinganishe. Nairobi muache nafasi ya kutosha baina ya ndege mbili, wala usikate vipande viwili mbali mbali, maana ya kwanza ikichelewa ya pili hawakujui. Begi likija limevunjika andikia kampuni ndani ya siku 7, ukipitisha huna madai. Halwa tia begi kubwa. Nikipata tarehe nitaongea na kijana wa boti awapokee Manda, na chumba cha chini nawapa nyinyi, mama asipande ngazi.

Nijibu leo usiku, ukikaribia Maulidi viti vya Manda vinaisha.

Wako,
Shogayo wa Langoni