Kodi ya programu inakubali kwako, kwa msahihishaji inagoma

Mhariri, naomba nafasi niongee na hawa wanaoanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, maana kila mara mtu analalamika kodi yake, yaani maelekezo aliyoiandikia kompyuta, inatoa jibu sahihi kwenye skrini halafu ule mfumo wa kompyuta wa kusahihisha mazoezi unaikataa. Jamani, ile mashine haijui ulikuwa na nia gani, inalinganisha herufi kwa herufi basi, ukiweka "Weka namba" ndani ya input (amri ya kumwomba mtumiaji aandike kitu) hayo maneno nayo yanaingia kwenye jibu, ukigawa 10/2 unapata 5.0 sio 5, tumia // kama inatakiwa namba nzima. Swali likitaka return (kurudisha jibu) usiweke print (kuonyesha tu kwenye skrini) peke yake, funksheni, yaani kile kipande cha kodi ulichokipa jina, itarudisha None, yaani hakuna kitu. Ila na nyie watunga mazoezi, kuandika "umekosea" bila kuonyesha mlitarajia nini ni uvivu tu.