Habari za magenge asiachiwe mtu mmoja mkoani

Mhariri,

Kijana mmoja wa hapa Mtwara, aliyemaliza chuo cha uandishi wa habari, amekuja kuniuliza kama aingie kwenye habari za magendo na ujangili. Nilizifanya miaka sita nikiwa Lindi. Kabla sijamjibu, naona niwaandikie ninyi mnaozipokea habari hizo.

Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea. Stori ikitoka nalipwa. Isipotoka, nauli ya Liwale ndiyo imekwenda. Ni miaka ile tembo wa hifadhi ya Selous walipopungua kutoka takriban 39,000 mwaka 2009 hadi 13,000 hivi mwaka 2013. Niliandika habari ya meno ya tembo, gazeti likaitoa kwa jina langu, na kwamba niko Lindi. Lindi ni mji mdogo. Kesho yake jioni mtu nisiyemjua alifika barazani kwa mama yangu, akanitaja kwa jina, akataja na shule anayosoma mwanangu. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Nilipompigia mhariri wangu, alinipongeza kwa stori, akauliza ya wiki ijayo ni ipi.

Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, walimzika mwandishi Carlos Cardoso, aliyepigwa risasi Maputo Novemba 22, 2000 akifuatilia dola milioni 14 zilizoibwa benki. Gazeti lake, Metical, lilimtegemea yeye. Mwaka uliofuata likafungwa. Slovakia ikawa tofauti. Mwandishi Ján Kuciak alipouawa pamoja na mchumba wake Februari 2018, wenzake waliichukua habari aliyoiacha nusu, kuhusu mafia wa Italia, wakaichapisha. Mwezi uliofuata Waziri Mkuu akajiuzulu. Kwetu, Azory Gwanda, wa kujitegemea kama mimi, hajaonekana tangu Novemba 21, 2017, pale Kibiti, njia yetu ya kwenda Dar.

Naomba habari ya genge ishikwe na watu wawili au zaidi, nakala zote ziwe pia makao makuu, na itoke kwa "Na Mwandishi Wetu" mpaka aliye mkoani aridhie jina lake. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwajiri awawekee bima waajiriwa wake. Wa kujitegemea hahesabiwi humo, na ndiye anayelala mtaa mmoja na anaowaandika.

Kijana atarudi Ijumaa baada ya swala. Nitamwambia, kabla ya kuuliza malipo, amuulize mhariri: nani mwingine atakuwa na nakala ya daftari langu?

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara