Bia kali isiletwe kwenye glasi ya friza, na tuambiwe asilimia zake za kilevi

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa burudani mliandika kuhusu hizi bia za viwanda vidogo zinazopikwa hapahapa Dar, na mwandishi wenu akasema ile nyeusi ya mtindo wa Ubelgiji ni chungu, ni ghali na ni ya watu wanaotaka kuonekana. Kwenye ughali sibishi, glasi moja mimi nililipa elfu 12, na kwa hela hiyo huku Sinza unakunywa bia nne za Kili na chenji unarudishiwa. Lakini chungu hapana jamani, na nadhani najua kwa nini yeye aliiona hivyo, manake hata mimi mwanzoni ilinikuta.

Nilienda Jumamosi jioni na shemeji yangu, mume wa dada. Ukutani kuna ubao wa chaki, umeandikwa jina la bia na bei, basi. Dada wa kaunta akafungua friza akatoa magi mbili za nusu lita zimeganda ukungu mpaka ukishika vidole vinanata, akajaza, akatuletea. Funda la kwanza nikapata baridi, alafu nyuma yake uchungu kama wa sukari iliyoungua kwenye sufuria, hamna kingine. Nikasema hela yangu imeenda, nikaisukuma pembeni. Ikaanza kunyesha, ile mvua ya Dar ambayo hata bajaji hazisimami, kwa hiyo tukakaa, na ile magi ikakaa hapo mezani kama dakika 40 hivi kwenye joto letu hili.

Nilipoirudia ilikuwa bia nyingine kabisa. Kabla hata haijafika mdomoni nikasikia harufu ya tende, zile laini nyeusi za mwezi wa Ramadhani, alafu sukari guru, na kwa mbali karafuu. Nikaiinua kwenye taa, katikati nyeusi lakini pembeni inang'aa wekundu kama chai ya rangi iliyokolea, na povu la rangi ya chai ya maziwa limeng'ang'ania kwenye glasi kila mahali nilipokuwa nimenywea. Ulimini ina utamu lakini sio wa soda, unakauka wenyewe ukimeza, na joto linakuja baadaye, taratibu, kifuani. Nilikunywa ile iliyobaki kwa saa nzima na sikutaka iishe.

Sasa mwandishi wenu ajue, kwenye bia ya namna hii mara nyingi hamna mtu aliyetia tende wala karafuu, hizo harufu nyingi ni kazi ya hamira. Wabelgiji wana hamira zao zinazochachua kwenye joto kuliko za hizi laga kama Kili tulizozoea, ndo zinatoa harufu ya matunda na viungo, na wanaongeza sukari ya kandi iliyopikwa mpaka ikawa nyeusi, sukari yote hiyo hamira inaila na kuigeuza kilevi, ndo maana bia inakuwa kali bila kuwa nzito kama uji. Ukiipiga baridi kali harufu zote zinalala, utamu unajificha, unabaki na uchungu peke yake. Wenyewe huinywa kwenye nyuzi 10 mpaka 14 hivi, kwenye glasi pana yenye mguu, na ikiwa ya chupa wanamimina polepole machicha yabaki chini, manake nyingi zinachachuka mara ya pili mlemle ndani ya chupa.

Na hizi bia maarufu zaidi zilitoka kwa watawa. Chimay ya bluu walianza kuipika 1948 kama bia ya Krismasi, ina asilimia 9. Rochefort 10, hiyo namba ni ya jina tu, ina asilimia 11.3. Westvleteren 12 ina 10.2, na kwa miaka mingi chupa yake haikuwa hata na lebo. Mwaka 2016 UNESCO wakauweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Tena rangi isimdanganye mtu, Westmalle wana nyeusi ya asilimia 7 na ya dhahabu ya 9.5, ile ya dhahabu ndo kali.

Hapo kwenye asilimia ndo kilichonifanya niandike.

Shemeji yangu hakusubiri mvua. Alikunywa magi ya kwanza kwa mwendo wa Kili, akaagiza ya pili. Nilimuuliza dada wa kaunta ina ukali gani akasema ni kali kidogo tu kaka. Baadaye mpishi wa bia mwenyewe alipopita mezani ndo akatuambia ni asilimia 10. Piga hesabu Mhariri: chupa ya Kili ya nusu lita kwa asilimia 4.5 ina mililita 22 na nusu za kilevi chenyewe, magi ile ya nusu lita ina mililita 50. Yani shemeji kwenye magi mbili alikuwa amekunywa Kili nne na zaidi ndani ya saa moja, huku yeye anahesabu mbili. Mtu ana miaka 54, ana presha, anakunywa dawa kila asubuhi. Tulimshika mkono kutoka kwenye bajaji mpaka kitandani na dada yangu alikesha macho anamsikilizia pumzi. Hilo halikuniacha mpaka leo.

Mimi nimekulia Kibosho. Babu alipokuwa anapika mbege, ndizi na ulezi, mwenye pombe anaonja kwanza mbele za watu, alafu anasema, hii ni ya leo, hii imeshakaa, mzee fulani usizidishe kata moja. Hakuna aliyekunywa bila kuambiwa anakunywa nini. Watu wale hawakuwa na kipimo cha asilimia lakini mgeni alikuwa anaambiwa.

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lenu, hawa wenye viwanda vidogo, ambao kazi yao naipenda na nataka iendelee, waandike asilimia pale pale kwenye ubao pembeni ya bei, chaki haina gharama. Bia ya asilimia 9 au 10 waitoe kwenye glasi ndogo, robo lita inatosha kabisa, na bei wapunguze kwa kipimo hicho hata sisi wa Sinza tuionje. Glasi isitoke kwenye friza. Na dada wa kaunta wafundishwe kumwambia mteja mpya, kaka hii subiri kidogo ipungue ubaridi, kunywa taratibu.

Mwandishi wenu naye namuomba arudi, aagize ileile, aiache mezani nusu saa, alafu aandike tena.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam