Mwalimu, springi hizo ziache kwanza

Likoni, Mombasa
Februari

Mwalimu, swahiba yangu,

Salamu sana kutoka huku ng'ambo. Sisi wazima, ila joto la kaskazi mwaka huu limetukalia vibaya, watu wanalala barazani. Zuhura anauliza kila siku yule mjomba wa maparachichi atakuja lini.

Nimeipata picha ya zile springi fupi unazotaka kulishushia gari. Usizinunue. Au basi, usizinunue mwezi huu. Soma kwanza yaliyonifika.

Unajua tunaendesha gari moja mimi nawe, Mazda Demio ya 1.3, aina iliyotoka Japani 2007 na kuchaguliwa gari bora la dunia la 2008. Waliolitengeneza walilipunguzia kama kilo 100 kuliko lile lililolitangulia, ndiyo maana lita moja inanifikisha kilomita 15 hivi, na hapo nimekaa foleni ya feri. Gari jepesi namna hii linapenda kona lenyewe. Mimi nikadhani upendo huo unauzwa dukani.

Mwaka juzi nikafunga springi za kulishusha sentimita 4, juu ya shokamzoba (zile bomba za kutuliza mdundo wa springi) zilezile zilizokuja nalo. Wiki ya kwanza nilijiona niko Safari Rally. Kisha ikaja bamvua. Maji yakipwa sana, ile njia ya kuingilia feri huwa mteremko mkali, na nyuma yako matatu inakupigia honi. Nikashuka polepole, nikasikia kraaa! Bampa ikasugua chuma, vibano vya upande mmoja vikang'oka. Mama alikuwa kiti cha nyuma. Hakusema neno mpaka tulipovuka, kisha akauliza: “Mwanangu, hili gari au mkokoteni?”

Bampa ilikuwa ndiyo nafuu. Springi fupi huiacha shokamzoba imeshajikunja kabla hata hujatoka uani, kwa hivyo kila tuta inagota mwisho. Zangu zilikuwa zimechoka tayari. Baada ya miezi minne zikaanza kuvuja mafuta. Na kwenye barabara mbovu kona ziliharibika, hazikunoga, kwa sababu gurudumu linalorukaruka halina muda wa kuishika lami.

Nikazing'oa nikarudi mwanzo. Sasa nikueleze nilivyofanya, maana wewe na zile kona za kutoka Mwatate kupanda Wundanyi una haja zaidi yangu.

Anza na matairi. Tafuta ubavuni zile tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani mpira wake unakuwa mgumu hata kama kashata zake, yale meno ya tairi, bado ndefu, na mvua ya kwanza ndiyo itakayokwambia. Ukitaka rimu za inchi 15, weka tairi za saizi ya 185/55. Kimo chake hakipishani hata milimita 2 na saizi ya sasa, 175/65 ya inchi 14, hivyo mshale wa spidi hautakudanganya. Lakini ziwe rimu nyepesi. Rimu nzito ni kama kukimbia na gambuti, na petroli utailipa wewe. Upepo pima asubuhi gari likiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni, usimfuate kijana wa petroli.

Kisha bushi, zile pete za mpira kwenye maungio ya chini ya gari, na hapa nitakuchosha kidogo. Ukisikia “kog” unapovuka tuta, au gari linavuta upande ukikanyaga breki, au unakata usukani na pua inachelewa kuitikia, mara nyingi ni bushi za mikono ya chini, ile inayoshika magurudumu ya mbele, zimekwisha. Fundi wangu wa kwanza aliniwekea mpya. Hazikumaliza miezi mitano. Nikamlaumu muuza spea bure, kumbe kosa lilikuwa kwenye kukaza. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi, inajisokota. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, mpira unashika hapo. Ukilishusha, bushi inakaa imesokoteka mchana na usiku, na kila shimo linaisokota zaidi mpaka ichanike. Mzee mmoja wa Changamwe ndiye aliyenionyesha: alizifunga bolti kwa vidole tu, akalikalisha gari kwa magurudumu yake juu ya vipande vinne vya mbao, akalitikisa mara tatu, ndipo akaingia chini na spana ndefu kukaza. Nakuomba simama hapo uangalie kwa macho yako. Na ukiuziwa zile bushi ngumu nyekundu, za mashindano, sema asante uondoke. Usukani unakuwa mkali kweli, lakini kila kokoto utaisikia kwenye meno.

Shokamzoba wala usizikisie. Kandamiza kona moja ya gari kwa uzito wako wote uachie: linyanyuke, litulie. Likiendelea kudunda, badilisha zote mbili za mhimili huo, na usikubali kubadilisha moja.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, iwe ya mwisho, baada ya hayo yote, la sivyo utailipia mara mbili. Mwambie fundi magurudumu ya mbele yatazame mbele sawasawa, yasiwe na makengeza. Nyuma hakuna cha kurekebisha kwenye Demio. Namba zikisoma vibaya huko, ujue mhimili umepinda au bushi zake zimekufa.

Baada ya hapo, na kama bado pua inakukimbilia nje kwenye kona, kuna kitu kimoja ningekuruhusu kununua: chuma cha stabiliza, cha kuzuia gari lisilalie upande, kinachofungwa kwenye mhimili wa nyuma. Gari letu uzito uko mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, kwa hivyo hayo ndiyo huchoka kwanza kwenye kona. Ukiikaza nyuma kidogo, yanapata msaada. Nasema kidogo. Kikizidi ugumu na matairi ya nyuma yamezeeka, siku ya mvua mkia utakutangulia, na huko kwenu pembeni ya barabara ni korongo.

Mimi chuma hicho sijakifunga, na wallahi sijakihitaji. Jumamosi iliyopita nilitoka Mazeras hadi Kaloleni kupitia Rabai, kona baada ya kona, Mama yuko nyuma vilevile. Alisinzia njia nzima.

Nipigie picha tarakimu za matairi yako unitumie leo. Zile springi zangu bado zipo chini ya kitanda. Ukija na maparachichi, nitakupa bure uzitazame ukinywa chai.

Wako,
Baba Zuhura