Bonde la Mayenne: mlima haupo, mchanga upo

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi katika safu hii niongeze machache kwenye makala yenu ya utalii wa baiskeli nchini Ufaransa. Mwandishi aliisifu njia ya kando ya mto Mayenne, magharibi mwa nchi hiyo, kwamba ni tambarare, haina magari, na kila mwenye baiskeli anaiweza. Ni kweli. Ila atakayefunga mizigo kwa kutegemea maneno hayo matatu atakwama siku ya pili, na hatakwama mlimani.

Njia hiyo ilianza kama njia ya kukokotea mashua kwa kamba, enzi za karne ya 19 mto ulipowekewa mabwawa madogo na malango ya kupandisha na kushusha vyombo. Wafaransa huiita chemin de halage. Kutoka mji wa Mayenne hadi kijiji cha Daon, kupitia Laval na Château-Gontier, ni takriban kilomita 85, karibu zote pembeni mwa maji. Ni kipande cha La Vélo Francette, njia ya zaidi ya kilomita 600 inayotoka Ouistreham, pwani ya Normandie, hadi La Rochelle. Kisheria njia ya namna hii huitwa voie verte, yaani njia ya kijani: ni ya waenda kwa miguu, baiskeli na wapanda farasi. Baiskeli ya umeme inaruhusiwa mradi mota isizidi wati 250 na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Baada ya Daon kuelekea Angers hali hubadilika. Njia huuacha mto hapa na pale na kukupeleka kwenye barabara ndogo za vijijini, ambako magari yapo. Makala ilinyamaza kuhusu hilo, na mwenye watoto alistahili kuambiwa.

Sasa mchanga. Sehemu kubwa ya njia si lami bali mchanga na kokoto laini vilivyoshindiliwa. Kukiwa kavu unateleza juu yake vizuri kabisa. Mvua ikinyesha saa mbili tatu, tabaka la juu hugeuka uji mwembamba unaoshika tairi, na mtu aliyezoea kilomita 20 kwa saa hujikuta kwenye 14 bila kuelewa kwa nini miguu imechoka. Tairi la milimita 25 au 28 huchimba mfereji. Chukua la 35 hadi 42, na kwa mtu wa kilo 75 mwenye mzigo wa kilo 12 jaza upepo wa bar 3 hivi nyuma, pungufu kidogo mbele. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi mara nyingi ni kikomo. Anayejaza hadi hapo atarushwarushwa siku nzima.

Uji huohuo hula breki. Chembe za mchanga hunasa kwenye raba za breki za rimu na kusugua rimu kama msasa. Ukisikia mkwaruzo, simama uzichokoe kwa ncha ya kisu. Cheni nayo ifutwe kwa kitambaa kila jioni kabla ya kutiwa mafuta, tone moja kwa kila pingili, kisha ifutwe tena. Kumwaga mafuta juu ya mchanga ni kutengeneza dawa ya kusagia meno ya gia.

Pancha za bonde hili zina chanzo chake. Ni nchi ya mashamba yaliyozungushiwa ua wa miti yenye miiba, na ua ukipogolewa kwa trekta vipande hutapakaa njiani. Mwiba hukatikia ndani ya tairi na kubaki. Usiweke tyubu mpya kabla hujapitisha kitambaa ndani ya tairi, mzunguko mzima, mpaka kinase; usitumie vidole, vitachomwa. Beba tyubu mbili, viraka, na pampu inayolingana na vali zako, kwa kuwa nyembamba ya Kifaransa na nene ya aina ya gari hazichangii kichwa kimoja kila mara. Gundi ya kiraka iachwe ikauke hadi ising'ae. Wengi hubandika mapema, na kiraka huachia baada ya nusu saa.

Kuna jambo jingine dogo linaloharibu safari kubwa: skrubu za keria. Mtikisiko wa kokoto huzilegeza taratibu. Kila asubuhi shika keria uitikise. Ikicheza, chunguza skrubu mbili za chini, karibu na ekseli ya nyuma; ukiona duara jembamba la chuma kinachong'aa kuzunguka kichwa cha skrubu, ujue imekuwa ikisugua kwa muda. Ufunguo wa L, mara nyingi wa milimita 4, unatosha kuikaza. Ya kushoto ikidondoka, keria huinama na begi huingia kwenye spoki. Ya upande wa gia isiwe ndefu kupita kiasi, maana ncha yake hugusa cheni ikiwa kwenye gia ndogo kabisa.

Mahali njia inapokata barabara kuna vigingi au vizuizi vya kuzuia magari. Baiskeli yenye mabegi mapana hupita kwa kunyata, na trela la watoto huweza kukwama. Hapo pia ndipo hatari halisi ilipo: mara nyingi anayetakiwa kusubiri ni wewe wa njia ya kijani, si dereva. Mwingine wa kuangaliwa ni mvuvi, maana fimbo zao za mita kumi na zaidi hulazwa kukatiza njia. Piga kengele ukiwa mbali. Kwa farasi, kinyume chake: punguza mwendo na usemeshe kwa sauti ya kawaida.

Chakula kina saa zake. Mikahawa ya vijijini hupika mchana kati ya saa sita na saa nane. Ukifika saa nane na robo utapewa kahawa. Jumapili alasiri maduka hufungwa, na duka la mkate la kijiji huwa na siku yake ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu. Beba mlo mmoja wa akiba. Maji hupatikana kwenye mabomba ya makaburini, lakini palipoandikwa "eau non potable" usinywe. Malazi yenye alama ya Accueil Vélo hayazidi kilomita 5 kutoka njiani na yana mahali salama pa kufungia baiskeli.

Treni ndiyo inayowatatiza wengi. Miji ya Mayenne na Château-Gontier haina treni ya abiria; katika kilomita hizo 85 kituo ni Laval peke yake, kisha Angers, mbele ya Daon. Kwa hiyo anzia Laval. Ukitaka sehemu ya kaskazini, ni kilomita kama 35 hadi Mayenne, na utarudi kwa njia ileile. Ukiteremka hadi Angers, unaweza kurudi Laval kwa TER, treni ya mkoa, ya moja kwa moja, inayowezekana tangu kipande cha reli cha kuunganisha karibu na mji wa Sablé kifunguliwe mwaka 2017. TER kwa kawaida huchukua baiskeli bure, ila nafasi ni chache. Kwenye TGV, treni ya mwendo kasi, unalipia nafasi ya baiskeli yuro 10 mapema, na si kila treni inayo.

Mtoto chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, na spika za masikioni ni marufuku kwa mwendeshaji yeyote. Ukipata ajali piga 112 na utaje jina la lango la mashua lililo karibu, kwa sababu kila lango lina jina lake na njiani hakuna anwani nyingine.

Mwisho, msimu. Aprili hadi Septemba ndiyo miezi ya kuaminika. Baridi ikiingia, mto hufurika na kufunika njia, kwanza kabisa chini ya madaraja, inaposhuka karibu sana na maji. Na kuna miaka ambayo maji hushushwa makusudi wakati wa vuli ili malango yakarabatiwe, zoezi wanaloliita écourues. Njia hupitika, ila anayefuata mandhari ya picha iliyopamba makala yenu atakuta kingo za tope na mashua zimelala ubavu.

Msomaji wenu