Dini na lugha kwa watoto wa chekechea

Mhariri,

Mjukuu wangu wa miaka minne alikuwa akisema "Bismillahi" kabla ya kunywa uji kama kasuku, mpaka mwalimu wake alipomtaka aeleze kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini tunaanza hivyo. Siku hizi hunikumbusha mimi nikisahau! Shule za awali za madrasa, zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kisha zikaenea Zanzibar na Uganda, zilichanganya mafunzo ya dini na hadithi, nyimbo na michezo. Vyuo vya Kurani vinavyotegemea bakora na kukariri viige mfano huo, na serikali za kaunti, zenye dhamana ya elimu ya awali, ziwagharimie walimu wa vyuo hivyo mafunzo.

Bibi wa mjukuu,
Likoni, Mombasa.